Kamba Akimbiaye Kinyumenyume

Mtu akiuliza katika mtaa wa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, nyumba ya fundi wa nzi ni ipi, ataelekezwa upesi, ila ataelekezwa kwa kicheko. Watu wengi hawajazoea kusikia kwamba nzi hufungwa, wala kwamba mtu mzima mwenye watoto wa shule aweza kupata riziki kwa kazi hiyo. Nzi wajulikanao ni wale wa buchani. Lakini nzi wa fundi huyu hawaruki wala hawatui juu ya nyama. Ni ndoana zilizovikwa manyoya, nyuzi na waya mwembamba hata zikafanana na mdudu au kijisamaki, ili samaki alaye wenzake adanganyike, aume, anaswe.

Kazi yenyewe si ngeni nchini Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alitia samaki waitwao trauti katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na walowezi waliopenda uvuvi wa starehe wakawaandama samaki hao kwa nzi wa manyoya, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Baadaye Waafrika wakajifunza kuwafunga nzi hao, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zifungazo nzi wengi kwa mkono ulimwenguni. Hupelekwa Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dazani. Mvuvi asimamaye ndani ya mto wa huko, mwenye viatu vya mpira mpaka kiunoni, mara nyingi hajui kwamba nzi aliye katika kofia yake ametoka katika chumba cha mabati huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Fundi wa Kisumu Ndogo alizaliwa upande wa ziwa la Nyanza, akafanya kazi ya kibarua katika mashamba ya Naivasha miaka ya 1980, kisha akajifunza kufunga nzi katika karakana moja ya Nairobi. Alikuja Malindi kumfuata ndugu yake aliyekuwa na kazi ya hoteli. Jina la mtaa lilimfaa, ingawa yeye husema kwamba Kisumu Ndogo iko Kibera pia, na kwamba mtu wa ziwani hana budi kuikuta Kisumu kila aendako. Hapo Malindi, ambapo uvuvi wa wageni ni wa sulisuli na jodari katika bahari kuu, yeye huketi mbele ya jiliwa dogo lililokazwa ukingoni mwa meza, akiwafungia watu wa mbali nzi wa maji baridi. Hulipwa kwa dazani. Dazani ikiwa na nzi mmoja mwenye kichwa kilichopinda, yote hurudishwa.

Kaskazi moja, katika kifurushi cha vifaa alicholetewa na wakala wake wa Nairobi, mlikuwamo nzi wa mfano ambaye mtaa mzima ulitoka kumtazama. Alikuwa na urefu wa kidole cha shahada, rangi ya kahawia iliyochanganyika na wekundu wa kutu. Alikuwa na magando mawili, papasi mbili ndefu, na gamba mgongoni lililofungwa kwa waya wa shaba pingili kwa pingili. Agizo lilikuwa la dazani arobaini, nusu rangi ya kahawia na nusu rangi ya zeituni. Kazi ya namna hiyo ingelipa karo ya muhula na deni la duka.

Watoto wakasema ni kamba. Hawakukosea sana. Mtu wa pwani ana kamba wa bahari, ana kamba mkubwa wa miambani, ana uduvi wa kukaushia juani. Lakini huyu alikuwa kamba wa maji baridi, mwenye gamba gumu na magando mazito, ambaye Afrika bara haikujaliwa kuwa naye kwa asili. Wa asili wapo Madagascar tu. Wengine wote walio katika bara hili waliletwa na binadamu, na wale wa Naivasha, ambao asili yao ni vinamasi vya kusini mwa Marekani, walitiwa ziwani mwaka 1970. Fundi aliwajua. Alipomwona nzi yule hakucheka.

Kumfunga kamba huyo ni kazi ya subira. Kwanza ndoana hubanwa katika jiliwa, ikazungushiwa uzi mwembamba uliopakwa nta tangu kwenye kitundu chake mpaka mwanzo wa mpindo. Karibu na kitundu hufungwa vipande viwili vya risasi mfano wa macho makubwa, upande wa juu wa ndoana. Uzito huo hufanya kazi mbili. Humzamisha nzi upesi mpaka chini, mahali kamba akaapo, tena humpindua majini ili ncha ya ndoana itazame juu, isikwame katika mawe na majani. Mvuvi wa mshipi wa Malindi ataelewa mara moja, kwa maana hiyo ni chubwi iliyofungwa ndani ya chambo chenyewe.

Kisha hufuata papasi, ambazo ni nyuzi mbili za mpira, na magando, ambayo hukatwa katika ngozi ya sungura yenye manyoya yake au hufungwa kwa nywele za mkia wa kindi. Hapa fundi hutumia muda mrefu kuliko penginepo. Magando yakiwa makubwa mno nzi huzunguka kama parafujo na kuusokota mshipi. Tena samaki mwenye akili humwogopa kamba mwenye magando makubwa, kwa maana naye ana koo la kuhurumia. Apendwaye ni kamba mdogo, hasa yule aliyejivua gamba siku hiyo hiyo, ambaye mwili wake ni laini na rangi yake imefifia. Ndiyo maana fundi hodari hafungi kamba wa kutisha. Hufunga kamba mnyonge.

Mwili huzungushiwa uzi mnene wenye manyoya, miguu ikafanywa kwa unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa mara tatu au nne, na gamba likalazwa juu. Agizo lilitaka gamba la rafia. Fundi, kwa ubahili au kwa udadisi, alijaribu ukindu uliobaki katika mkeka wa mkewe. Ulipendeza ulipokuwa umelowa, lakini ulipokauka ulipasuka pasuka kama ukucha wa mkulima. Akaurudia rafia, akalikaza gamba kwa waya wa shaba, akamalizia kwa tone la vanishi penye fundo.

Ugomvi ulizuka kwa sababu ya magando. Katika nzi wa mfano magando na papasi vilikuwa upande wa mpindo wa ndoana, na mkia ulikuwa kwenye kitundu kifungiwacho mshipi. Maana yake ni kwamba mvuvi akivuta, kamba hutangulia mkia, uso wake ukabaki nyuma. Kijana wa dada yake fundi, ambaye alikuwa akijifunza kazi, aliona kwamba huo ni upuuzi wa watu wa mbali. Siku moja fundi alipokwenda mazikoni, kijana akafunga dazani mbili kwa namna aliyoiona kuwa ya haki, magando mbele na mkia nyuma. Kwa mkono zilikuwa safi kabisa.

"Mjomba," akasema fundi aliporudi, "yule wa mfano amefungwa nyuma mbele. Mimi nimemweka sawa. Hakuna mnyama aendaye kwa matako."

Fundi hakugomba. Kesho yake akamtuma kwenye mto Sabaki, kwa mzee mmoja Mgiriama wa upande wa Jilore ambaye huvua kambare, amwombe kamba wa mtoni aliye hai. Wapo katika mto huo, wembamba, wenye mikono mirefu inayoishia kwa koleo. Kamba akaletwa ndani ya kopo, akatiwa katika karai la maji kwenye kivuli cha mwembe, na majirani wakakusanyika kwa kuwa Jumamosi haina kazi. Kwa muda kamba alitembea mbele polepole, akipapasa kama kipofu. "Haya," akasema fundi, "mguse usoni." Kijana akamgusa kwa kijiti. Kamba akaukunja mkia chini ya tumbo kwa nguvu, akaruka kinyumenyume mpaka upande wa pili wa karai, koleo zake zikimfuata nyuma. Akaguswa tena, akaruka tena vile vile. Wazee wakacheka, mtoto mmoja akadai agusishe yeye.

Hiyo ndiyo siri yote ya nzi huyu. Akiwa na amani kamba hutembea mbele. Akiona hatari hukimbia kinyumenyume kwa mapigo ya mkia, na samaki amtafutaye humwona hasa anapokimbia. Nzi hafanani na kamba kwa sababu ya macho na papasi zake. Hufanana naye kwa namna ya kuogopa. Kijana alikaa siku mbili akifungua kwa wembe dazani zake mbili, akiokoa ndoana na risasi, wala hakuna aliyemsemesha juu ya jambo hilo.

Kuna mafundi wa Marekani waliotumia maisha yao katika mambo kama haya. Bob Clouser, wa ukingo wa mto Susquehanna katika Pennsylvania, ana kamba wake. Dave Whitlock, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na wake, mwenye jina lenye maana ya kwamba amekaribia vya kutosha. Jina hilo lingemfaa kila fundi mwaminifu. Samaki hatazami kwa kioo cha kukuzia. Wavuvi wao hufundisha kumwacha nzi azame mpaka chini, kumvuta kwa mvuto mfupi wa shibiri moja au mbili, kisha kumwacha atulie, na magando yainuke kama ya kamba aliyeamua kupigana. Mara nyingi samaki huuma wakati wa utulivu huo, na mvuvi mwenye papara huwa amekwisha kuinua ufito.

Dazani arobaini zilipokaribia kumalizika, mzee wa Jilore alikuja kudai kopo lake. Fundi akampa nzi mmoja wa rangi ya zeituni badala ya shukrani ya mdomo. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, hubeba udongo mwingi hata ukaitia bahari ya Malindi wekundu wakati wa mvua. Katika maji ya namna hiyo kambare huwinda kwa sharubu na kwa harufu, na manyoya hayana harufu ya kumvutia. Lakini kaskazi ilikuwa imekausha mambo, na ziwa dogo la Jilore, ambalo hujaa mto ufurikapo na kunywea ukame ukizidi, lilikuwa limetulia udongo wake. Mzee hana ufito wala mashine ya kukunjia mshipi. Alimfunga nzi kwenye mshipi wa mkono, akamtupa karibu na matete, akijihadhari na mamba, akamvuta kama alivyoambiwa. Jioni ya pili akarudi Kisumu Ndogo na kambare mwenye urefu wa mkono mzima, na swali moja.

"Fundi," akasema, "kama manyoya yamemdanganya hivi, je, kamba mwenyewe akiwamo ziwani?"

Swali hilo lilimkuta dereva mmoja wa lori la viazi na kabichi, ambaye hupita Naivasha kila juma na hulala mtaani. Akasema jambo hilo ni jepesi. Kamba wa Naivasha ni mgumu, akiwekwa katika majani mabichi huweza kusafiri siku nzima akafika hai. Wakimwagwa Jilore, watazaana, kambare watanenepa, na kamba wenyewe watauzwa katika hoteli za Malindi na Watamu. Alitaka fedha ya debe la kwanza tu. Watu wa mtaa wenye njaa ya kazi walisikiliza vizuri, na hapana wa kuwalaumu.

Ndipo fundi, ambaye kwa kawaida husema machache, akaeleza aliyoyaona. Alipofika Naivasha akiwa kijana, wenyeji walimwonyesha mahali palipokuwa na mayungiyungi yaliyofunika maji hata ndege wakitembea juu yake. Yalikuwa yameliwa. Kamba wale hula majani, hula mayai, hula konokono, hula na samaki aliyekwisha kunaswa. Wavuvi walivuta nyavu wakakuta vichwa na miiba, na nyuzi zimekatwa. Huchimba mashimo katika kingo, na jike mmoja hubeba mamia ya mayai chini ya mkia. Kwa haki aliongeza kwamba fedha pia ilipatikana: kwa miaka kadhaa kamba hao walivuliwa kwa mamia ya tani na kupelekwa Ulaya. Tena besi, samaki mwenye kinywa kipana aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, alinenepa sana kwa kuwala, na wavuvi wa starehe walifurahi.

Lakini Naivasha si ziwa la kupigia mfano wa furaha. Lilikuwa na kisamaki kidogo cha asili ambacho hakikupatikana kwingine duniani. Tangu mwaka 1962 hakikuonekana tena, na wataalamu humshuku besi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatokea mgeni mwingine wa balaa, yaani samaki aitwaye kapu, naye akatibua matope ya chini, akawa ndiye ajazaye nyavu. Kila mgeni alikuja kwa ahadi. Wenzao wa Uhispania waliwapokea kamba hao hao miaka ya 1970, na hata leo wakulima wa mpunga wa huko wanaziba mashimo katika majaruba yao.

Mama mmoja, mhudumu wa afya wa mtaa, hakukubali mambo yaishe kwa upande mmoja. Alisema amesikia kwamba kamba hao hula konokono wanaoeneza kichocho, na watoto wangapi wa kando ya Sabaki wanakojoa damu? Hilo nalo ni kweli. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani waliwajaribu kamba hao katika vidimbwi vya Machakos, wakaona konokono wakipungua, na watoto wakiambukizwa kidogo kuliko penginepo. Fundi alikaa kimya kwa muda.

"Mama," akasema hatimaye, "hoja yako sina la kuishinda. Ila dawa ya kichocho ikinywewa na ikadhuru, daktari huiacha. Kamba akidhuru, nani atamwita atoke?"

Mzee wa Jilore, ambaye mjukuu wake hulima bamia kwa maji ya mfereji ukingoni, aliuliza mashimo hayo huwa na kina gani. Alipoambiwa kwamba kamba huweza kuchimba kina cha mkono mzima na zaidi, akashika kambare wake akaondoka. Watu wakatawanyika. Sheria nayo haimruhusu mtu kumwaga viumbe wageni mtoni kwa hiari yake, lakini usiku ule hakuna aliyetaja sheria.

Dereva hakuwa mtu wa kukata tamaa. Juma la tatu alishusha debe lililofunikwa gunia lenye maji, akiliweka mlangoni kwa fundi saa nne ya usiku. Ndani yake mlikuwa na kamba kumi na wanane, wekundu kama matofali, wawili wamekufa. Akasema ameingia gharama. Fundi asipolinunua, yuko mtu upande wa Langobaya mwenye bwawa ambaye atalinunua asubuhi.

Kijana alimtazama mjomba wake. Fedha ya dazani arobaini ilikuwa imefika siku mbili kabla, na nusu yake ilikuwa imekwisha kupangiwa shule. Bei aliyoitaja dereva ilikuwa sawa na dazani tisa. Fundi alijaribu kuipunguza, akashindwa kwa sababu dereva alijua vema kwamba hapo hapakuwa na soko bali lazima. Akahesabu noti mara mbili, akazitoa.

Kisha akawasha jiko la makaa, akateleka sufuria kubwa ya sikukuu. Kamba walipomiminwa katika beseni mmoja alianguka sakafuni, akainua magando mbele ya mguu wa kijana, na alipoguswa kwa ufagio akaruka kinyumenyume mpaka chini ya kitanda, ikabidi kitanda kisogezwe. Maji yalipochemka walitiwa wote, pamoja na yule. Mke wa fundi aliwapika kwa nazi na ndimu, akalalamika kwamba nyama yote iko mkiani nayo haijazi kijiko, na jirani aliyeamshwa na harufu akala bila kuuliza wametoka wapi.

Magamba matatu mazima fundi aliyasafisha, akayakausha juu ya bati, akayapaka vanishi. Sasa yananing'inia kwa uzi juu ya jiliwa, mikia yake ikielekea mlangoni. Karo ya muhula ililipwa kwa mafungu mawili, la pili likichelewa mwezi mzima. Agizo jipya la dazani ishirini lilipokuja, rangi ya kutu tupu, kijana ndiye aliyefunga la kwanza. Alipima gando dhidi ya gamba dogo kuliko yote, akapunguza manyoya kwa mkasi, akaanza kufunga kwenye mpindo wa ndoana.